Mali kauli bila kuumia: kukopesha wateja wa biashara Mombasa na kulipwa kwa siku yake

Ukiuza jumla Mombasa, kukopesha hukwepi. Hoteli ya Bamburi haitatoa pesa kila dereva wako akishusha katoni za tishu, na duka la Majengo lililozoea kuchukua mzigo Jumatatu na kulipa Jumamosi halitaacha desturi yake kwa ajili yako. Wazee waliliita jambo hili mali kauli: mzigo unaondoka, mkononi unabaki na neno la mtu.

Mimi nauza sabuni za maji, dawa za kusafishia na karatasi za hoteli. Stoo yangu iko Shimanzi. Miaka ya kwanza niliamini kila anayechelewa kulipa ni mtu mbaya. Wabaya wapo, lakini wachache. Wengi nilikuwa nikiwachelewesha mwenyewe, kwa karatasi mbovu na kwa kutouliza mambo mawili matatu kabla gari halijatoka. Ndiyo maana mwongozo huu umelemea mwanzo kuliko mwisho.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mfuko wako kwanza

Tuseme unakopesha mzigo wa shilingi 600,000 kwa mwezi, na wateja kwa wastani wanalipa baada ya siku 45. Basi siku yoyote ukiamka, kama 900,000 zako ziko mikononi mwa watu. Kiwanda nacho kinakupa wewe siku 14. Pengo la siku 31 linazibwa na nani? Kama huna jibu, huna uwezo wa kukopesha kiasi hicho bado, hata wateja wawe wazuri namna gani.

Ukiwa umesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kuna kingine. Kodi hiyo haingoji mteja alipe. Inahesabiwa tangu mzigo ulipotolewa au invoisi ilipoandikwa, lolote lililotangulia, na ritani ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Invoisi ya 200,000 ya tarehe 28 Machi inabeba VAT ya 32,000. Kufikia tarehe 20 Aprili KRA, mamlaka ya kodi, inataka chake, ukishatoa ile VAT uliyolipa kwenye manunuzi, na mteja wako bado hata hajaiangalia invoisi. Kwa hiyo unamkopesha mzigo, na kodi ya serikali unamlipia wewe.

Fanya na hesabu ya deni kufa. Faida yako ikiwa asilimia 12, mzigo wa 100,000 usiolipwa umekutoa mtaji wa 88,000. Kuurudisha mtaji huo kwa faida ya 12,000 kwa kila laki, utauza laki saba na zaidi, tena kwa watu wanaolipa. Nimeibandika hesabu hii ukutani kwa ajili ya vijana wangu wa mauzo. Komisheni yao pia nimeibadilisha: inatoka pesa zikiingia, mzigo kutoka peke yake hakumpi mtu kitu. Tangu hapo wameanza wenyewe kuniuliza kama mteja fulani analipa.

Hatua ya 2: Mjue unayemkopesha

Jina la ubaoni na jina la kwenye cheti mara nyingi ni vitu viwili. Kabla ya mzigo wa kwanza wa mkopo, mteja ajaze fomu ya ukurasa mmoja: jina lililosajiliwa, nambari ya usajili, PIN ya KRA, kibali cha biashara cha kaunti, mahali alipo, benki yake, na simu za watu wawili, anayeagiza na anayelipa. Ikiwa ni kampuni, itafutie hati ya CR12 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa.

Tofauti hii ina uzito. Anayefanya kazi kwa jina la biashara tu, deni ni lake yeye binafsi. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria: ikifa na deni lako, wakurugenzi wanaweza kwenda zao na magari yao. Kwa kampuni changa inayotaka mkopo mkubwa, omba mkurugenzi mmoja atie sahihi ya dhamana yake binafsi. Wengine watakataa, na kukataa huko nako ni habari.

Ofisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu zipo, na kwa mkopo mkubwa zinafaa. Ila mimi chanzo changu cha kwanza ni mlango wa nyuma. Nenda hotelini saa mbili asubuhi, simama wanaposhushia. Utamkuta muuza samaki, mtu wa mayai, mwenye gesi. Salimia, ongea habari za barabara ya Mtwapa, kisha uliza: "Hawa hulipa?" Nimewahi kujibiwa kwa kicheko tu, nikageuza gari.

Kisha mwendee mhasibu, si meneja wa manunuzi, umuulize mambo matatu. Malipo hutoka siku gani za mwezi? Nani anaidhinisha? Invoisi yangu ifike kwa nani, ikiwa na karatasi zipi? Hoteli na kampuni nyingi hulipa kwa mkupuo, mara moja au mbili kwa mwezi. Invoisi ikiukosa mkupuo wa tarehe 25, hata kwa saa tatu, inalala mwezi mzima. Ukizijua tarehe hizo, nusu ya ucheleweshaji umeimaliza kabla haujaanza.

Hatua ya 3: Weka kikomo na muda, kila mteja na chake

Usimwambie mtu mpya "siku 30" kwa sababu tu ndivyo watu wanavyosema. Mzigo wa kwanza na wa pili taslimu. Wa tatu siku 7. Akilipa bila kukumbushwa mara tatu, mpandishe hadi 14. Duka la rejareja la Kongowea linalouza mzigo wako ndani ya wiki halina haja ya siku 30. Likizipata, pesa zako zitanunua mzigo wa mtu mwingine.

Kikomo ni kiasi ambacho ukikipoteza leo, kesho bado unafungua stoo. Usikipime kwa ukubwa wa jengo la mteja. Yatazame na majira. Hoteli za Nyali na Diani hujaa Desemba na Agosti. Kuanzia Aprili, mvua za masika zikishika, vyumba vinabaki vitupu mpaka Juni, na wa kwanza kucheleweshwa ni sisi tunaopeleka vitu. Mimi kila mwisho wa Februari nashusha vikomo vya hoteli kwa theluthi moja, na nawaambia mapema ili isionekane kisirani.

Jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa: siku zinahesabiwa tangu lini? Wewe ukisema siku 30 unahesabu tangu invoisi. Mhasibu anahesabu tangu mwisho wa mwezi. Mzigo wa tarehe 3 Machi kwako unalipwa tarehe 2 Aprili, kwake tarehe 30 Aprili. Andika tarehe yenyewe juu ya invoisi, kwa herufi kubwa: ILIPWE KABLA YA 2 APRILI. Tarehe haibishaniwi.

Hatua ya 4: Andikeni

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu jambo hili hili: mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni. Naitaja kwa sababu Mombasa ukitoa karatasi mtu hukuambia, "Kwani hatuaminiani?" Mjibu kwa aya, au kama si Mwislamu, mwambie makarani wako ndio hawakumbuki.

Ukurasa mmoja unatosha: kikomo, muda, tarehe siku zinapoanzia, siku za kulalamika mzigo ukiwa na kasoro (mimi natoa siku 3), kwamba mzigo unabaki mali yako mpaka ulipwe, kwamba mteja akichelewa kwa siku kadhaa anasimamishiwa huduma, na nani ana ruhusa ya kuagiza. Hilo la mali kubaki yako lina nguvu kidogo kwa sabuni, ambayo kesho imeshamwagwa sakafuni. Kwa friji, jenereta au samani lina uzito, na tangu Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2017 unaweza kulisajili kwenye daftari la serikali ili wadai wengine wasikutangulie.

Faini ya kuchelewa? Wengi huandika asilimia fulani kwa mwezi. Mimi siandiki, kwa sababu nyongeza juu ya deni lililochelewa ni riba na wateja wangu wengi hawataigusa. Hata wasiojali dini, sijaona hoteli iliyolipa faini hiyo kwa hiari. Natumia bei mbili: ya taslimu na ya siku 30, ya pili ikiwa juu kidogo. Wanazuoni wengi wanaruhusu, mradi mkubaliane bei moja kabla ya kuachana, na isipande tena siku zikipita. Gharama ya kungoja iwe imeshaingia bei tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Karatasi za mzigo, na kisa cha "8?"

Desemba moja hoteli ya pwani ya kaskazini iliagiza katoni 120 za tishu, kwa 2,800 kila moja. Stoo ilikuwa na 112. Tukapeleka 112, karani akaandika invoisi ya 120 kwa sababu ndivyo LPO, hati ya agizo la mteja, ilivyosema: 389,760 pamoja na VAT, badala ya 363,776. Kijana wa gari alifika saa kumi na mbili jioni, mtunza stoo keshaondoka. Aliyetia sahihi ni mlinzi. Sahihi yenyewe kama mnyoo, bila jina, bila muhuri.

Wiki tano tukipiga simu. "Iko kwenye mchakato." Mwishowe nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya uhasibu mpaka binti mmoja akanihurumia. Akavuta trei ya chini kabisa, akaitoa invoisi yetu. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa penseli: "8?" Basi. Hakuna aliyekataa kulipa. Mtu alikuwa na swali, hakujua amuulize nani, akaiweka trei ya chini. Tuliirekebisha siku hiyo hiyo kwa kredit noti, hati ya kupunguza kiasi cha invoisi, lakini mkupuo ulikuwa umepita, na pesa zikaingia Machi.

Kanuni za gari letu sasa ni hizi. Bila LPO yenye nambari, hatupakii. Dilivari, yaani karatasi ya kupokelea mzigo, inatiwa sahihi na mtunza stoo, jina lisomeke, na muhuri. Asipokuwepo, mzigo unarudi, na ndiyo, mafuta yanachomeka. Kikipungua kitu, dereva anakiandika kwenye dilivari pale pale na kupiga picha kabla ya kuondoka getini. Invoisi inaandikwa baada ya dilivari kurudi, si kabla, na nambari ya LPO inanakiliwa ilivyo, herufi kwa herufi.

Invoisi iwe ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, na PIN ya mteja iwe sahihi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, kwa hiyo mhasibu mwenye akili hatalipa bila hiyo, na usimlaumu. Ipeleke siku ile ile. Ukikusanya invoisi uzipeleke mwisho wa mwezi, umemwongezea mteja siku za bure.

Hatua ya 6: Dai mapema, kwa adabu, kwa tarehe

Kumbusho la kwanza liende siku tano kabla ya siku ya malipo, wakati hakuna anayedaiwa bado. Halidai, linauliza karatasi:

"Assalam aleikum dada. Invoisi 0412 ya 363,776 siku yake ni Ijumaa tarehe 25. LPO na dilivari yenye muhuri nilizituma tarehe 2. Kuna karatasi yoyote inayokosekana ili iingie malipo ya wiki hii? Shukran."

Ujumbe huu ungeifukua "8?" ile mwezi wa kwanza.

Siku ikipita, siku ya tatu piga simu. Pwani huanzi na deni. Salamu, nyumbani hawajambo, joto hili, kisha: "Nimepiga kwa ile ya 0412." Ukiambiwa "kesho inshallah", itikie inshallah yake kwa heshima, halafu uliza: "Inshallah ya Jumanne au ya Alhamisi, nimwandikie bosi wangu?" Andika jibu, jina na saa kwenye daftari, kisha tuma ujumbe mfupi wa kukumbushana mlivyokubaliana. Siku hiyo ikifika, piga tena saa tatu asubuhi.

Siku ya saba panda ngazi: mwenye duka, au meneja mkuu. Kwa mzee, "Shikamoo mzee, nimekuja kwako kama mtoto kwa baba, hii imenikwaza" hufungua mlango ambao barua ya wakili huufunga. Siku ya kumi na nne simamisha mzigo, na usimamishe kweli. Anayeendelea kupelekewa anajifunza kwamba tarehe zako ni mapambo. Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa: tunaogopa kumpoteza mteja, tunampa mzigo mwingine ili alipe ule wa zamani, na deni linaota mizizi.

Chagua na saa. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana usipige simu ya deni. Maduka ya nguo ya Biashara Street yana pesa kumi la mwisho la Ramadhani kuliko wiki mbili baada ya Idd. Dai wakati huo. Wala usimtangaze mtu kwenye kundi la WhatsApp. Utajifurahisha jioni moja, utaingia matatani na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na pesa hutazipata.

Hatua ya 7: Njia ya malipo isiwe kisingizio

Andika akaunti ya benki na paybill kwenye kila invoisi. M-Pesa inakomea 250,000 kwa muamala mmoja, hundi haizidi 1,000,000, juu ya hapo ni RTGS, uhamisho wa benki hadi benki.

Hundi ya tarehe ya mbele watu huiona kama dhamana. Si dhamana. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kosa la jinai kutoa hundi huku ukijua akaunti haina pesa za kutosha, lakini kinaitoa hundi ya tarehe ya mbele katika kosa hilo. Inabaki ushahidi mzuri wa deni, basi.

Pesa zikija pungufu kidogo, usigombane kabla ya kuhesabu. Baadhi ya kampuni zimeteuliwa na KRA kukata asilimia 2 ya thamani ya mzigo kwa ajili ya VAT. Invoisi ya 116,000 yenye thamani ya 100,000 italipwa 114,000, na ile 2,000 utaiona iTax, tovuti ya KRA, kama kodi uliyokwisha kulipa. Omba cheti.

Hatua ya 8: Ikikwama kabisa

Tofautisha asiye nacho na asiyetaka. Asiye nacho anapokea simu. Aya ya 280 ya sura ile ile inasema apewe muda mpaka apate wepesi, na kibiashara pia, duka lililo wazi hulipa kuliko lililofungwa. Andikeni mgawanyo: kiasi, tarehe, sahihi. Karatasi hiyo ina faida nyingine: deni la mkataba hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6, na kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu kunaanzisha hesabu upya.

Asiyetaka, mpe barua ya madai yenye siku 7 au 14, ambatanisha nakala za LPO, dilivari na invoisi. Polisi usiende, deni ni kesi ya madai. Wala usitume vijana wakachukue mzigo kwa nguvu, utageuka mshtakiwa. Kwa deni lisilozidi 1,000,000 kuna Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa ipo. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Hakimu atataka kuona kitu kimoja: karatasi. Mwenye dilivari yenye jina na muhuri hazungumzi sana mle ndani. Hukumu nayo bado si pesa. Asipolipa utarudi kuomba amri ya kukamata mali kupitia dalali wa mahakama, na hiyo ina gharama zake, ndiyo maana kwa deni la 20,000 mimi nafuta tu na kulifunga jina lake kwenye daftari.

Akilipa baada ya yote hayo, huwa anarudi. Wiki mbili tatu, kijana wake anasimama mlangoni Shimanzi na orodha, kama hapakutokea kitu. Muuzie. Taslimu, miezi mitatu mizima, kwa bei ya taslimu, na chai umpe.